Tone la mafuta chini ya gari kuukuu: historia ndefu kutoka mawese hadi moteri za Toyota

Kila asubuhi, pahali taxi zinapolala katika mitaa ya Goma, ardhi ya lava inaonyesha madoa meusi kuliko lava yenyewe. Ni mafuta ya moteri. Dereva anafika, anaangalia chini, anaongeza nusu lita kutoka bidoni yake, anawasha gari na kuondoka. Ndivyo siku inavyoanza kwa magari mengi ya Kivu: Corolla, Carina, Hiace na Land Cruiser zilizotumika kwanza Japani, zikashushwa bandarini Mombasa ama Dar es Salaam, kisha zikapanda kwa barabara hadi Kongo zikiwa tayari na miaka mingi.

Kuna madereva wanaosema kwamba gari likizeeka, kuvuja ni kawaida, kama vile mzee anavyokohoa. Wengine wanaona tone moja na kudhani moteri imekufa, wanauza gari kwa bei ya kutupa. Historia inaonyesha kwamba pande zote mbili zinakosea. Moteri ya gari ilizaliwa ikivuja. Watu walitumia zaidi ya miaka 70 kutafuta namna ya kuifunga vizuri, na kila kitu walichobuni kwa kazi hiyo kina umri wake wa kuishi. Mwenye gari akijua namna vitu hivyo vilivyokuja, atajua pia ni kipi kimechoka, ni kipi anaweza kubadilisha yeye mwenyewe nyumbani, na ni wapi inafaa amuachie fundi.

Kabla ya petroli kulikuwa na mawese

Katika karne ya 19, mashine za Uingereza zilipakwa mafuta ya wanyama na mafuta ya mawese yaliyotoka pwani ya Afrika Magharibi. Mawese hayo hayo ambayo mama wa Kivu anatia katika sombe yalilainisha mihimili ya magurudumu ya treni. Lakini mafuta ya aina hiyo yana shida: yanaganda kwa baridi, yanachacha, na yakikaa sana yanaanza kula chuma. Mwaka 1859, Edwin Drake alichimba kisima cha petroli huko Titusville, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kuanzia hapo mafuta ya ardhini yalianza kuchukua nafasi ya mawese ndani ya mashine.

Kulibaki tatizo lingine. Mashine ilipaswa kusimama ili mfanyakazi aizunguke na kopo lake la mafuta. Aliyepata jawabu kubwa alikuwa mtoto wa watu waliokimbia. Wazazi wa Elijah McCoy walikuwa watumwa katika jimbo la Kentucky. Walitoroka hadi Kanada, na Elijah akazaliwa huko mwaka 1844. Familia ilimtuma Edinburgh, Uskoti, kusoma ufundi wa mashine. Aliporudi na kwenda kuishi Michigan, hakuna aliyempa kazi ya uhandisi kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Kampuni ya reli ilimpa kazi ya kutia makaa katika tanuru na kupaka mashine mafuta. Ni katika kazi hiyo ya chini ndipo alipobuni kikombe kinachodondosha mafuta chenyewe huku mashine ikizunguka. Alipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1872.

Wakati ule, mafuta yalikuwa ya kupita tu. Yalidondoka juu ya chuma, yakafanya kazi yake, kisha yakaanguka chini. Hakuna aliyejaribu kuyarudisha. Magari ya kwanza yalifuata njia hiyo hiyo baada ya Karl Benz kuonyesha gari lake mwaka 1886. Katika mengi ya magari hayo, dereva alisafiri na akiba ya mafuta, na barabara ikanywa sehemu yake.

Kizibo, karatasi na kamba

Gari lililoenea duniani kabla ya mengine yote ni Ford Model T. Lilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, na zaidi ya magari milioni 15 yalitoka kiwandani. Moteri yake haikuwa na pampu ya mafuta: vyuma vilivyozunguka ndani vilirusha mafuta kila upande. Haikuwa na kijiti cha kupimia pia. Mwenye gari alilala chini na kufungua bomba mbili ndogo ili aone mafuta yamefika wapi.

Sasa mafuta yalibaki ndani ya moteri na kutumika tena. Kwa hiyo kila mahali vipande viwili vya chuma vilipokutana palihitaji kitu laini katikati. Mafundi wa Goma na Bukavu wanakiita joint; wenzao wa Tanzania na Kenya wanakiita gasketi. Joint za zamani zilikatwa kutoka kizibo cha mti, karatasi nzito ama kitambaa kizito cha sufu. Kizibo kikikauka kinapungua. Karatasi ikiloa na kukauka mara nyingi inapasuka.

Mahali pagumu zaidi palikuwa kwenye ncha mbili za mhimili mkuu, ule unaozungushwa na pistoni na kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Chuma hicho kinazunguka maelfu ya mara kwa dakika moja, na ncha zake zinatokea nje ya moteri. Kampuni nyingine zilifunga pahali hapo kwa kamba iliyolowekwa mafuta. Nyingine zilichonga mstari kama wa skrubu kwenye mhimili, ili unapozunguka urudishe mafuta ndani. Mbinu hiyo ilifaa gari likiwa katika mwendo. Gari likisimama, tone lilianguka. Wenye Land Rover za zamani wana mzaha wao mpaka leo: ukiona hakuna mafuta chini ya gari, ujue hakuna mafuta ndani pia.

Mpira wa Kongo haukufaa

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hawakutumia mpira. Mpira ulikuwepo. Wakongomani wanajua kwa gharama gani. Baada ya John Dunlop kutengeneza tairi lenye hewa mwaka 1888, bei ya mpira ilipanda, na utawala wa Leopold II, uliodumu kuanzia 1885 hadi 1908, uliwalazimisha wanakijiji kuukusanya msituni kwa mjeledi na kwa kukatwa mikono. Mpira huo ulikwenda kwenye tairi na mabomba ya Ulaya na Marekani.

Lakini mpira wa mti una adui mmoja: mafuta ya petroli. Ukiuweka ndani yake unavimba, unakuwa laini kama ugali, kisha unakatika. Kwa hiyo haukuweza kuzuia mafuta ya moteri. Kampuni ya Freudenberg ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1849 kama kiwanda cha ngozi, ilitengeneza pete za ngozi za kufunga mhimili. Katika miaka ya 1930, wakemia Wajerumani walipata mpira wa kiwandani unaoitwa nitrile, ambao mafuta hayauvimbishi. Hapo ndipo ilipotoka pete ya mpira yenye mdomo mwembamba na springi ndogo inayoubana mhimili. Mafundi wa Kongo wanaiita spi. Mwaka 1957 kampuni ya DuPont ya Marekani ilileta mpira mwingine, Viton, unaovumilia joto hadi karibu digrii 200.

Historia hii ina faida ya moja kwa moja katika gereji za leo. Fundi asiye na joint mara nyingi anachukua chambre à air ya zamani, anaikata na kuiweka chini ya kifuniko cha moteri. Siku za kwanza inashika vizuri. Baada ya muda inavimba, inatoka pembeni, na mafuta yanamwagika kuliko mwanzo. Chambre à air imetengenezwa kushika hewa na haivumilii mafuta ya moteri. Kama joint ya dukani haipatikani, ni heri kurudi kwa mababu: kizibo cha kununua kwa kipande, ama karatasi nzito ya joint, iliyokatwa kwa kufuata umbo la chuma na kupakwa silikoni kidogo. Hiyo inafaa kwa vifuniko vya kawaida. Haifai kabisa kwa joint ya kichwa cha moteri, pale moto na maji vinapopita.

Moteri nayo inapumua

Sehemu ya mwisho ya historia ndiyo inayosahauliwa zaidi. Kila mara moto unapowaka ndani ya silinda, moshi kidogo unapenya pembeni ya pistoni na kushuka kwenye karteri, beseni la chini linalohifadhi mafuta. Moshi huo usipopata njia ya kutoka, unasukuma. Na ukisukuma, unatoa mafuta kupitia joint yoyote iliyo dhaifu.

Kwa miaka mingi magari yalikuwa na bomba wazi lililomwaga moshi huo barabarani. Huko California, hewa ya Los Angeles ilichafuka hadi macho ya watu yakawasha, na katika miaka ya 1960 ikawa lazima moshi wa karteri urudishwe ndani ya moteri na kuchomwa. Kifaa kinachoruhusu hilo ni valvu ndogo, kubwa kama kidole, iliyo mwishoni mwa bomba la mpira juu ya moteri ya petroli. Dunia nzima ilifuata baadaye.

Valvu hiyo ama bomba lake likiziba kwa masizi, mwenye gari anaweza kununua joint mpya tatu kwa mwaka na zote zikavuja. Anaona kwamba amedanganywa na muuzaji, kumbe moteri imekosa pumzi. Ukaguzi ni rahisi. Valvu ikichomolewa na kutikiswa inapaswa kulia kachakacha. Ikinyamaza, isafishwe ama ibadilishwe. Kisha moteri iwashwe bila kuongezwa mwendo, kifuniko cha kujazia mafuta kifunguliwe, na mfuko mwepesi wa plastiki uwekwe juu ya tundu. Mfuko ukivutwa kidogo ama ukitulia, ni vizuri. Ukirushwa juu kwa nguvu hata baada ya kusafisha bomba, pete za pistoni zimechakaa. Hapo pesa za joint ziwekwe kando kwanza.

Magari ya Japani na joto la miaka

Toyota ilianzishwa mwaka 1937. Corolla ilitoka 1966 na Hiace 1967. Magari haya yalirithi masomo yote yaliyotangulia: joint za mpira usiovimba, spi kwenye ncha za mhimili, silikoni pahali pa karatasi, na moteri inayopumua. Ndiyo sababu Toyota mpya haidondoshi kitu. Lakini mpira wa nitrile unaokaa miaka 25 karibu na chuma chenye joto unakuwa mgumu kama plastiki. Haujaliwa na mafuta, umepikwa. Mdomo wa spi haubani tena, na joint ya kifuniko cha juu inavunjika vipande mkononi.

Kwa hiyo pahali pa kuvuja panajulikana mapema. Pa kwanza ni joint ya kifuniko cha juu, ambayo katika moteri nyingi za petroli inaacha mafuta ndani ya mashimo ya buji. Pa pili, katika Corolla na Carina za miaka ya 1990, ni pete ndogo ya mpira nyuma ya distribiteri, ambayo bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na uchafu inaouleta. Kisha kuna kifaa kinachopima nguvu ya mafuta, filta, boloti ya kumwagia mafuta, joint ya karteri, spi ya mbele na spi ya nyuma.

Kutafuta chanzo kabla ya kununua

Mafuta yanashuka chini, na upepo wa safari unayasukuma nyuma. Tone linaloanguka kutoka karteri linaweza kuwa limetoka kwenye kifuniko cha juu. Watu wengi wamebadilisha joint ya chini bure kwa sababu hiyo.

Moteri ioshwe kwanza ikiwa baridi, kwa brashi, sabuni na mazutu kidogo, huku distribiteri na nyaya zikifunikwa kwa plastiki. Ikikauka, sehemu zinazoshukiwa zinyunyiziwe poda nyeupe ya watoto. Gari liendeshwe dakika 15, kisha lizimwe na kuangaliwa kwa tochi. Poda iliyoloa pahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa ndipo penye chanzo. Usiku, katoni iwekwe chini ya gari. Tone la kahawia ama jeusi ni mafuta ya moteri. Jekundu mara nyingi ni la gia otomatiki ama usukani. Unyevu mwepesi karibu na gurudumu unaweza kuwa wa breki, na gari hilo lisitoke nyumbani kabla ya kutengenezwa.

Kazi ya nyumbani

Kifuniko cha juu ni kazi ambayo mtu mwangalifu anaweza kumaliza mchana mmoja. Moteri iwe baridi na waya wa betri utolewe. Nyaya na mabomba yawekwe alama kabla ya kuchomolewa. Joint ya zamani ikwanguliwe kwa kipande cha mti, kwa sababu bisibisi inachora aluminiamu, na mchoro mmoja unatosha kuleta uvujaji mpya. Pande zote mbili zipanguswe mpaka zikauke. Joint mpya ya mpira iwekwe kavu, na silikoni itiwe tu kwenye kona, kiasi cha punje ya maharagwe. Silikoni nyingi inakatika ndani na inaweza kuziba njia ya mafuta. Boloti zikazwe kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda pembeni. Anayekaza kwa nguvu zake zote anakunja kifuniko. Silikoni iachwe ikauke usiku mzima.

Wakati wa vidange, mambo mawili yaangaliwe. Pete ya mpira ya filta ya zamani inaweza kubaki imeshika kwenye moteri. Mpya ikiwekwa juu yake, mafuta yote yanaweza kumwagika kwa dakika chache. Na washa ya shaba ya boloti ya chini, kama mpya haipo, inaweza kuchomwa kwenye makaa hadi iwe nyekundu kisha ipoe: shaba inarudi kuwa laini na inabana tena.

Hakuna mtu anayepaswa kuingia chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Magogo mapana ya mti yawekwe chini ya chasi, na magurudumu mengine yazuiliwe. Mawe ya lava yasitumike, kwa kuwa yana matundu ndani na yanapasuka.

Spi ya nyuma iko upande mwingine wa mpaka. Kuifikia ni lazima kuteremsha sanduku la gia. Dalili yake ni mafuta yanayoanguka pale moteri na sanduku hilo vinapokutana, na klachi inayoteleza. Hiyo ni kazi ya gereji. Dawa za kuziba zinazotiwa ndani ya mafuta zinalainisha mpira kwa muda tu. Kutia mafuta ya breki ndani ya moteri, kama wengine wanavyoshauri, kunaharibu mafuta yenyewe.

Tone dogo katika njia ya kukimbia

Kuvuja kidogo hakuui moteri. Kinachoiua ni kukauka. Katika miaka hii ya vita, gari kuukuu limebeba mchele na makala, na limebeba pia familia zilizotoka vijijini usiku, watu kumi na zaidi pamoja na magodoro na masufuria. Gari likijazwa hivyo na kupanda mlima, kama ule wa Ngomo kati ya Bukavu na Uvira, moteri inapata joto, mafuta yanakuwa mepesi, na joint iliyokuwa inatoa tone moja usiku inaanza kutoa mtiririko. Mafuta yakimwagika juu ya bomba la moshi lenye moto, yanaweza kuwaka. Yakiisha, moteri inakwama kilomita chache kutoka pahali watu walipotaka kuokoka.

Kwa hiyo kijiti cha kupimia kiangaliwe kila asubuhi, gari likiwa pahali sawa na moteri imezimwa. Katika magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni karibu lita 1. Anayeandika katika daftari kiasi anachoongeza kila wiki ataona mapema kama uvujaji unakua. Taa nyekundu ya mafuta ikiwaka katika mwendo, gari lisimamishwe na kuzimwa pale pale ikiwezekana, hata kama nyumba inaonekana mbele.

Mafuta machafu yanayotoka yawekwe katika bidoni yenye kifuniko. Goma imejengwa juu ya lava yenye nyufa, na kinachomwagwa juu kinashuka na mvua. Familia nyingi za mji, na wale waliokimbilia humo, wanachota maji ziwani Kivu.

Kwa anayetaka kuanza leo, mpangilio wa bei ndogo ni huu: kusafisha bomba la pumzi, kuosha moteri, kutafuta chanzo kwa poda, kisha kununua joint moja inayohitajika. Kazi tatu za kwanza zinagharimu sabuni, poda na saa chache za Jumamosi.